Veranda ya Kogo Priscillah

Kipkurui na mkewe Chelimo waliamka kabla ya jua, kama watu wote wa Boito wenye chai. Chelimo aliwasha moto. Kipkurui alikamua ng'ombe wao wawili. Kisha wakashuka shambani, kila mmoja na kikapu chake mgongoni, wakachuma majani hadi saa tano. Boito haina muda wa kupoteza. Asubuhi ni jua, lakini ikifika saa nane mchana wingu linatoka upande wa msitu na mvua inamwagika.

Zamani walikuwa wakichuma watatu. Wa tatu alikuwa Priscillah, mama yake Kipkurui. Tangu mjukuu wake Cherop azaliwe, boma lote lilimwita Kogo, yaani nyanya. Kogo Priscillah alichuma chai miaka arobaini. Alikuwa na mikono miepesi na mdomo mwepesi zaidi. Hakuna mtu aliyepita njiani bila kusalimiwa na kuulizwa habari za watoto, za ng'ombe na za kanisa.

Mwaka uliopita alipata kiharusi. Mdomo ulipona. Mkono ulipona kidogo. Lakini mguu wa kulia ulikataa. Alirudi kutoka hospitali akiwa na kiti cha magurudumu.

Nyumba yao ilikuwa nzuri, ya matofali, lakini ilijengwa kwenye mteremko. Mlango wa mbele ulikuwa na ngazi tano za simiti. Mlango wa nyuma ulikuwa juu ya ardhi kama futi tatu, na chini yake palikuwa na matope. Ili Kogo atoke nje, ilibidi Kipkurui ambebe mgongoni.

Kogo hakupenda kubebwa.

"Mimi si gunia la majani," alisema. "Niache tu hapa ndani."

Basi akakaa ndani. Wiki zikawa miezi. Aliacha kuimba. Alianza kulala mchana.

Asubuhi moja, wakiwa katikati ya mistari ya chai, Chelimo alisimama akamtazama mumewe.

"Baba Cherop, unajua jana mama ameniuliza nini?"

"Ameuliza nini?"

"Ameniuliza kama ni Jumanne ama ni Ijumaa. Hajui siku. Mama, ambaye alikuwa anajua hata siku ng'ombe wa watu watazaa!"

 Kipkurui aliendelea kuchuma, lakini mikono yake ilikuwa imepungua kasi. Alikumbuka nyumba moja aliyoiona Kericho mjini. Nyuma ya nyumba hiyo palikuwa na veranda ya mbao. Ilisimama juu ya nguzo, sawasawa na mlango, hata kiti cha magurudumu kingeweza kutoka bila kubebwa na mtu.

"Nitamjengea mama veranda," alisema. "Ya mbao. Pale nyuma. Akae nje aone chai yake."

Chelimo alitabasamu. "Hapo umesema."

Jioni hiyohiyo alimwambia jirani yake, Bethwel. Bethwel alikuwa mtu wa roho nzuri na wa kupenda kusaidia. Pia alikuwa mtu wa haraka.

"Kwani ni kazi gani hiyo?" alisema Bethwel. "Ni kazi ya wiki moja! Una bluegum hapo kwa mpaka. Tunaangusha mbili, tunapasua, tunapigilia. Tukimaliza, tunapaka oil chafu ya gari. Mchwa hataigusa."

"Na nguzo?"

"Chimba shimo, weka nguzo, rudisha udongo, kanyaga. Imekwisha."

Kipkurui aliona maneno hayo ni mazuri, kwa sababu yalikuwa mafupi. Kesho yake wakaangusha miti. Mbao zilipasuliwa zikiwa bado mbichi, zikitoa maji. Walizipigilia kwa misumari ya kawaida, ubao ukigusa ubao, ili Kogo asihisi baridi kutoka chini. Walijenga mbele ya mlango wa nyuma, pale palipokuwa karibu. Upande mmoja palikuwa na ua wa miti ya saipras, mirefu na yenye kivuli.

Siku ya sita veranda ilikuwa tayari. Jumapili, baada ya kanisa, Kipkurui alimsukuma mama yake hadi nje. Kogo alifumba macho, akavuta hewa. Cherop akapiga makofi.

"Asante, mwanangu," alisema Kogo.

Kipkurui alijisikia mrefu kama mti.

Halafu mvua za mwezi wa nne zikaanza.

Maji hayakuwa na mahali pa kupita, kwa hiyo yalisimama juu ya mbao. Kwa sababu ya kile kivuli, mbao hazikukauka hata kukiwa na jua. Ukungu wa kijani ukaota juu yake. Ile oil chafu ikachanganyika na maji, ikawa utelezi. Kisha mbao mbichi zikaanza kupinda. Nyingine iliinua kichwa, nyingine iliinua mkia, na misumari ikang'oka polepole. Nguzo ya pembeni ilizama kwenye udongo laini, na veranda yote ikalala upande.

Chelimo ndiye aliyeanza kuteleza. Alikuwa amebeba kikombe cha chai. Kikombe kilivunjika, yeye akaumia kiwiko.

"Baba Cherop, hii kitu si salama," alisema.

"Nitairekebisha Jumamosi," alijibu Kipkurui.

Jumamosi haikufika. Alhamisi asubuhi Kipkurui alimtoa mama yake nje kama kawaida. Gurudumu la mbele liligonga ubao ulioinuka. Kiti kikainama. Kogo akaenda mbele, mikono yake ikitafuta kitu cha kushika, na hapakuwa na kitu. Veranda ile haikuwa na ukingo. Chini palikuwa na futi tatu na mawe.

Kipkurui alimdaka nguo kwa nyuma. Alimdaka kwa bahati tu. Wote wawili walianguka juu ya mbao, na Kogo akaumia mkono, ule wa kulia, ule uliokuwa umeanza kupona.

Hakulia wala hakumgombeza mtu. Kipkurui alimfunga kitambaa mkononi.

"Nirudishe ndani," alisema Kogo kwa sauti ndogo. "Na usinitoe tena."

Alimaanisha. Wiki tatu zilipita. Chelimo alimbembeleza, akakataa. Mchungaji alikuja akamwombea; Kogo akasema amina, kisha akakataa. Cherop alimvuta sketi. Kogo alimpapasa mtoto kichwani na kugeuza uso ukutani.

Kipkurui alikosa raha. Alipokuwa mdogo, mama huyu alimbeba mgongoni katikati ya mistari ya chai, jua na mvua. Sasa yeye ndiye aliyemtia hofu.

Siku moja alienda sokoni Boito kununua misumari mirefu zaidi. Alipita kwenye karakana ya Wanjiru. Wanjiru alikuwa fundi wa mbao. Alizaliwa Chepseon, ambako baba yake, mzee Nganga, aliuza mbao kwa miaka mingi. Alianza kushika randa akiwa msichana, na sasa alikuwa na karakana yake mwenyewe. Aliongea Kikipsigis kama wenyeji.

"Chamgei, Baba Cherop," alimsalimu. "Misumari yote hiyo unapeleka wapi?"

Kipkurui alitaka kusema uongo mdogo. Badala yake alieleza yote, kuanzia bluegum hadi mkono wa mama yake. Wanjiru aliweka randa chini. Alisikiliza bila kumkatiza.

"Pole sana," alisema mwishowe. "Hiyo misumari rudisha dukani. Kesho asubuhi nitakuja nione."

Alikuja saa tatu, jua likiwa limetoka. Alizunguka ile veranda mara mbili. Alichomeka bisibisi kwenye nguzo, pale inapoingia ardhini. Ikazama kama kwenye ugali.

"Mchwa wameshaingia," alisema. "Na hii ni miezi miwili tu."

"Lakini tulipaka oil chafu!"

"Oil chafu inabaki juu juu. Haiingii ndani ya mti. Inachafua nguo, inachafua udongo, na inatelezesha watu. Lakini hebu tuwache mbao kwanza. Mbao ni swali la pili."

"La kwanza ni gani?"

"La kwanza ni nani atatumia hii veranda, na atafanya nini hapo. Mama yuko?"

"Yuko ndani. Lakini hataki kusikia habari za veranda."

"Mimi sitamwambia habari. Nitamuuliza."

Wanjiru aliingia, akavuta kigoda, akaketi karibu na kitanda. Kipkurui alisimama mlangoni.

"Kogo, habari ya mkono?"

"Uko hapo. Wewe ni msichana wa Nganga?"

"Ndiyo mimi. Kogo, nataka kukuuliza. Kama ungekuwa na mahali pazuri pa kukaa nje, pasipo na hatari, ungependa kuona nini?"

 Kipkurui alitaka kumjibia. Jibu alilijua: chai. Kila mtu alilijua.

"Njia," alisema Kogo.

"Njia gani?"

"Hiyo ya kwenda kituo cha majani. Watu wanapita hapo kila siku na vikapu. Nataka kuwaona. Nataka wanione." Kisha akamtupia macho mwanawe. "Huyu aliniweka niangalie chai. Chai nimeiangalia miaka arobaini! Chai haisalimii mtu."

Wanjiru alicheka mpaka akashika tumbo. Kipkurui hakujua acheke au aone haya. Miezi hiyo yote hakuwahi kumuuliza.

"Na jua?" aliendelea Wanjiru. "Unataka la asubuhi ama la jioni?"

"Jioni gani, na mvua yetu? La asubuhi."

"Utakaa peke yako?"

"Nikae peke yangu kwani mimi ni mlinzi? Nataka na mahali pa mgeni. Na mahali pa huyu mtoto kucheza."

"Na nini kinakuogopesha?"

Hapo Kogo alishika mkono wake ulioumia. "Pembeni," alisema. "Hapakuwa na kitu cha kushika."

Walipotoka nje, Wanjiru alimwambia Kipkurui, "Umesikia? Tayari tuna nusu ya ramani, na hatujagusa mbao hata moja."

Walizunguka nyumba pamoja, Chelimo naye akiwafuata na kamba. Nyuma ya nyumba, kwenye kona ya juu, ardhi ilikuwa imeinuka. Pale sakafu ya nyumba ilikuwa juu ya ardhi kwa futi moja tu. Hapakuwa na kivuli cha saipras. Na kutoka pale, njia ya kwenda kituo cha majani ilionekana wazi.

"Hapa," alisema Wanjiru. "Veranda itaanza mlangoni na kuja mpaka kwenye hii kona. Hapa tutaweka mteremko wa mbao wa kushushia kiti."

"Nilifikiri mteremko unawekwa popote," alisema Kipkurui.

"Ukiuweka kule chini, utakuwa mrefu sana. Sikiliza. Kwa kila inchi moja ya kupanda, mteremko uende mbele inchi kumi na mbili. Kule chini ni futi tatu. Itakuwa futi ngapi?"

Kipkurui alihesabu kwa vidole. "Thelathini na sita!"

"Na hapa ni futi moja."

"Kumi na mbili tu."

"Ndiyo hiyo. Ukifupisha, unakuwa mkali. Mama hawezi kupanda, na wewe utachoka kusukuma."

Wakapiga vigingi vidogo ardhini na kuvizungushia kamba, wakionyesha umbo la veranda. Kipkurui alipima futi nne upana, akaona zinatosha. Wanjiru akamwambia alete kiti cha magurudumu kikiwa kitupu. Walipojaribu kukigeuza ndani ya kamba, magurudumu yalitoka nje.

"Unaona?" alisema Wanjiru. "Kiti kinahitaji kama futi tano kila upande kugeuka vizuri. Na bado mgeni hajakaa." Wakahamisha vigingi. Wakajaribu tena, mara hii Chelimo akiwa ameketi kitini na Cherop kwenye mapaja yake, wote wakicheka. Mwishowe wakafika futi kumi kwa kumi na mbili. Wanjiru alichora kila kitu kwenye daftari la Cherop, pamoja na vipimo.

"Kuhamisha kamba ni bure," alisema. "Kuhamisha nguzo ni kazi."

Jumatatu Kipkurui alienda karakana kuchagua mbao. Bethwel alimsindikiza. Alikuwa na aibu kidogo, lakini alitaka kujua alikosea wapi.

"Bluegum si mti mbaya," Wanjiru aliwaambia. "Lakini mti uliokatwa leo una maji mengi. Ukiupigilia, unakauka ukiwa ukutani au sakafuni, na ukikauka unajipinda unavyotaka. Mbao lazima zikauke kwanza. Zipangwe kivulini, na vijiti katikati ili hewa ipite. Wiki nyingi, hata miezi. Inua hii."

Bethwel aliinua ubao mmoja wa saipras, akashangaa jinsi ulivyokuwa mwepesi. Kisha akainua mwingine wa ukubwa uleule. Ulikuwa mzito kama jiwe.

"Huo mzito bado umejaa maji," alisema Wanjiru. "Hata bila mashine ya kupima, mkono unakuambia."

Kwa nguzo, aliwaonyesha zilizotiwa dawa kiwandani. Rangi yake ilikuwa ya kijani hafifu. "Dawa hii inasukumwa ndani kwa nguvu ya mashine. Mchwa na kuoza vinachelewa sana. Lakini ukikata nguzo, pale ulipokata dawa haijafika vizuri. Lazima upake tena."

"Na grevilia?" aliuliza Kipkurui. "Ninayo shambani."

"Grevilia ni nzuri kwa vitanda na viti vya ndani. Nje, kwenye mvua yetu, haikai. Kwa sakafu chukua saipras iliyokomaa, imekauka, imetiwa dawa. Kuna watu watakuambia ununue tarakwa. Ni mti mgumu kweli, lakini ni mti wa msituni. Haukatwi ovyo, na ukiuziwa bila karatasi ya kibali, shida ni yako."

"Misumari?"

"Skrubu. Zile zilizopakwa zinki, hazishiki kutu. Msumari unang'oka ubao ukisukuma. Skrubu inashikilia."

Kipkurui aliuliza bei, akaguna. Vitu hivyo vilikuwa ghali kuliko alivyodhani. Wanjiru hakumharakisha.

"Kama ni nyingi, jenga kwa hatua," alisema. "Anza na msingi na nguzo. Mbao za sakafu chukua mwezi ujao. Lakini usipunguze ubora wa kile kinachogusa ardhi, wala usiruke ukingo."

Alifanya hivyo. Mwezi wa kwanza walibomoa ile veranda ya zamani. Wakachimba mashimo hadi wakapata udongo mgumu, wakamwaga zege na kuliinua juu ya ardhi kiasi cha inchi sita. Juu ya kila zege wakaweka kishikio cha chuma, na nguzo ikakaa ndani yake bila kugusa udongo.

Bethwel alitazama akatikisa kichwa. "Kumbe nguzo haifai kuzikwa kama mtu."

Mwezi wa pili wakaweka mihimili, kisha mbao za kubeba sakafu, moja kila inchi kumi na sita. Hawakuishikiza veranda kwenye ukuta wa nyumba. Waliiacha isimame kwa miguu yake yenyewe, na nafasi ndogo katikati ili maji yasiozeshe ukuta. Mlangoni waliacha ufa mwembamba tu, usioweza kukwamisha gurudumu. Sakafu waliilaza kidogo tu kuelekea nje, ili mvua itiririke.

Walipofika kwenye mbao za juu, Kipkurui alianza kuzibananisha kama zamani. Wanjiru alichukua msumari wa inchi nne, akauchomeka kati ya ubao na ubao.

"Acha nafasi ya unene wa huu msumari. Maji yapite chini, hewa ipite juu. Na mbao zikatize njia ya kiti, zisiende nayo, ili gurudumu lisiingie kwenye ufa."

Siku hiyo Chelimo alikuja na karai, akaanza kuokota vipande vya mbao vilivyobaki. Kuni za bure si kitu cha kuacha.

"Mama Cherop, ngoja!" Wanjiru aliita. "Hizo usipeleke jikoni."

"Kwa nini? Ni mbao tu."

"Zina dawa. Ukizichoma, moshi wake ni sumu, na majivu pia. Usipikie, wala usizitupe kwa ng'ombe. Mimi nitazikusanya zote, na unga wa msumeno pia." Yeye mwenyewe alikuwa akifunga pua na mdomo kila alipokata.

Chelimo aliangalia karai lake, kisha akamwangalia Cherop aliyekuwa karibu. Akamwaga vile vipande mara moja, akaenda kunawa mikono yake na ya mtoto.

Mwisho ulikuwa ukingo. Waliujenga imara, wa kufika kiunoni. Vijiti vyake vilikaribiana, ngumi ya Kipkurui haikupita, kwa hiyo kichwa cha Cherop kisingepita. Kando ya sakafu na ya mteremko waliweka ubao mdogo wa kuzuia gurudumu lisitoke. Kwenye mteremko walipaka rangi iliyochanganywa na mchanga, ili miguu na magurudumu yashike hata kukiwa na mvua. Pande zote mbili za mteremko kulikuwa na fito laini za kushika.

Kazi iliisha Jumanne. Kipkurui alienda chumbani kwa mama yake. 

"Mama, imekwisha."

"Nimesikia nyundo."

"Sitakulazimisha. Nataka tu uone ukiwa mlangoni."

Kogo alikubali kufika mlangoni. Hakwenda zaidi ya hapo. Aliangalia zile mbao muda mrefu, midomo imebana.

"Bethwel," alisema, "simama pale katikati."

Bethwel akasimama.

"Ruka."

"Niruke, Kogo?"

"Si wewe ndiye ulisema kazi ya wiki moja? Ruka."

Bethwel, mtu mzima mwenye tumbo, akaruka. Akaruka tena. Sakafu ilitoa mlio mzito tu, haikutikisika. Chelimo aliziba mdomo ili asicheke.

"Tena kwa pembeni. Shika hicho kitu uvute."

Bethwel akavuta ukingo kwa nguvu zake zote mpaka jasho likamtoka. Ukingo ulikaa kimya.

 Kogo akaweka mikono yake juu ya magurudumu, ule mzima na ule mgonjwa. Kipkurui akasogea kumsukuma.

"Wacha," alisema Kogo.

Alijisukuma mwenyewe. Alienda polepole, akipinda kidogo upande wa kulia. Alifika kwenye ukingo, akaushika kwa mikono miwili. Chini, njiani, mwanamke mmoja alikuwa akipita na kikapu cha majani. Aliinua macho, akasimama ghafla.

"Ni Priscillah? Priscillah, ni wewe?"

"Ni mimi!" Kogo alipaza sauti. "Na yule binti yako wa kule Sigor alijifungua nini?"

Kipkurui aliingia ndani haraka, akasema anatafuta spana. Hakukuwa na spana ndani. Alisimama nyuma ya mlango akifuta macho kwa mkono wa shati.

Kuanzia siku hiyo, Kogo alikuwa nje kila asubuhi. Alijua nani amechuma kilo ngapi, nani amepeleka ng'ombe sokoni, nani ana mafua. Daktari wa mazoezi ya viungo alimpa kifaa cha kutembelea, na baada ya miezi mitatu alikuwa akipiga hatua kumi kando ya ukingo, kisha ishirini. Mvua zilipokuja, maji yalipita kati ya mbao, na kufikia saa tatu asubuhi sakafu ilikuwa kavu. Kipkurui aliifagia kila wiki. Kila mwaka, kiangazi kikifika, aliisugua na kuipaka mafuta ya mbao za nje, kama Wanjiru alivyomwonyesha. Bethwel alianza kukausha mbao zake mwenyewe kivulini, na ole wako uziguse kabla ya wakati.

Siku moja, mnamo saa sita, Kipkurui alirudi kutoka kituo cha majani akiwa na njaa. Alisikia nyimbo tangu njiani. Akina mama wa kanisa walikuwa wamehamishia mkutano wao kwa Kogo, kwa sababu yeye hakuweza kwenda kwao. Walijaa verandani, wengine wakiwa kwenye viti, wengine wamesimama, wakipiga makofi na kucheza. Kogo alikuwa katikati, ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo.

Kipkurui alisimama akawahesabu. Ishirini na watatu. Hakumkumbuka Wanjiru akitaja watu ishirini na watatu. Aliweka kikapu chini, akapiga magoti na kutambaa chini ya sakafu. Aliangalia zege la kwanza, la pili, la tatu. Aligusa nguzo. Alitazama mihimili mmoja mmoja, huku miguu ya akina mama ikinguruma juu ya kichwa chake. Hapakuwa na ufa, hata skrubu moja haikuwa imelegea.

Wimbo ukakoma. Sauti ya mama yake ikapenya kati ya mbao.

"Kipkurui! Unatafuta nini huko chini?"

"Naangalia mbao, mama."

"Mbao ni nzima. Toka huko, njoo ule, chai inapoa."